Kupanga Safari Fupi ya Majira ya Baridi Katika Milima ya Epirus, Ugiriki

Ugiriki inapotajwa, wengi wetu hufikiria visiwa na jua la Julai. Kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, kwenye mpaka na Albania, kuna mkoa wa Epirus, ambako milima ya Pindos huvaa theluji wakati wa baridi na vijiji vya mawe huanza kufuka moshi wa kuni tangu alasiri. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msafiri mwenye siku nne au tano tu, anayetaka kuuona mji wa Ioannina, vijiji vya Zagori na, ikiwezekana, mji mdogo wa Metsovo. Kabla hajafungua ramani, msafiri huyo ajue kwamba mwanga wa mchana ndio utakaomwishia kabla ya fedha na kabla ya mafuta ya gari.

Mwishoni mwa Desemba jua la huko huchomoza baada ya saa moja na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na moja na dakika chache jioni. Kwa sisi tuliozoea mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima, pengo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye karatasi, kwa sababu asubuhi barabara za kivulini huwa bado zina barafu, na alasiri kuta za milima huliziba jua mapema kuliko kalenda inavyosema. Saa za kutembea na kuendesha gari kwa utulivu ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kwa hiyo panga jambo kubwa moja kwa siku na dogo moja la kando, nawe hutajikuta gizani kwenye kona za mlima usioujua.

Anza na viza. Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na hayapaswi kupelekwa zikiwa zimebaki chini ya siku 15, na ni lazima uwe na bima ya safari inayolipia matibabu ya angalau yuro 30,000. Mwenye kibali halali cha ukaazi katika nchi nyingine ya Schengen haihitaji viza hiyo, lakini anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Afrika Mashariki anaihitaji. Ubalozi utataka kuona mahali utakapolala, hivyo chagua nyumba za wageni zinazokubali kufutiwa nafasi bila adhabu. Uhuru huo utakufaa tena siku theluji itakapokubadilishia ratiba.

Ioannina ndiyo lango la safari yote. Mji una uwanja wa ndege, lakini uko kando ya ziwa Pamvotis na ukungu wa majira ya baridi huweza kuvuruga ndege, kwa hiyo usiunganishe safari ya ndani na ile ya kimataifa kwa nafasi ya saa chache. Mimi napendelea barabara. Kutoka Athens ni zaidi ya kilomita 400, kiasi cha saa nne na nusu kwa gari, na njiani unavuka ghuba ya Korintho juu ya daraja la Rio–Antirrio lililofunguliwa mwaka 2004. Barabara ya Ionia Odos, iliyokamilika mwaka 2017, ndiyo iliyoifupisha safari hiyo. Kutoka Thessaloniki ni karibu zaidi, kama saa tatu, kwa barabara ya Egnatia inayopenya milima kwa mahandaki mengi. Barabara zote mbili zina vituo vya kulipia, hivyo weka sarafu na noti ndogo karibu nawe. Anayetoka kisiwa cha Corfu huvuka kwa kivuko hadi Igoumenitsa, kisha huendesha kiasi cha saa moja. Mabasi ya KTEL, yaani mabasi ya mikoani, pia hutoka Athens na huhitaji saa sita hivi.

Basi litakufikisha Ioannina, lakini Zagori bila gari ni taabu wakati wa baridi, maana usafiri wa umma kwenda vijijini ni haba mno. Ukikodi gari, chukua leseni ya kimataifa ya udereva pamoja na ile ya nyumbani, na uliza kwa maandishi kama minyororo ya matairi imo ndani ya gari na kama inaingia kwenye matairi hayo. Kuahidiwa kwa simu hakutoshi. Siku ya kukabidhiwa gari, soma namba zilizochapwa ubavuni mwa tairi, mfano 185/65 R15, kisha uzilinganishe na zile zilizo kwenye mfuko wa minyororo. Minyororo ya ukubwa mwingine ni mzigo tu.

Ifunge mara moja kwa mazoezi, mchana, kwenye ua wa nyumba ya wageni, kabla hujaihitaji. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono. Magari madogo mengi ya kukodi huendeshwa na magurudumu ya mbele, na huko ndiko minyororo inakofungwa. Pitisha pete ya nyuma kwa nyuma ya tairi, iunganishe ncha zake juu, vuta wavu wa mnyororo ufunike uso wote wa tairi, kisha kaza kwa mbele. Songesha gari mita chache, shuka, kaza tena, kwa sababu tairi likishazunguka mnyororo hulegea na ukiuacha hivyo utapiga bodi ya gari. Usivuke kilomita 50 kwa saa, na uivue mara tu unapofika kwenye lami isiyo na theluji. Weka glavu za mpira juu ya mfuko huo. Vidole vitupu vikigusa chuma kilicholala usiku kwenye baridi kali hufa ganzi kabla hujafunga pingili ya pili.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni barafu nyembamba isiyoonekana. Lami huonekana kama imelowa maji tu, kumbe imeganda. Hukaa kwenye kona zisizofikiwa na jua na juu ya madaraja, na ndiyo sababu nimesisitiza usianze safari kabla ya saa nne. Jaza tangi Ioannina, kwa kuwa vituo vya mafuta ni vichache sana ukishaingia milimani, na usikubali simu ikupitishe njia ya mkato ya udongo kwa kuokoa dakika kumi. Namba ya dharura kote nchini ni 112.

Kuhusu malazi, kwa usiku nne ningelala miwili Ioannina, wa kwanza na wa mwisho, na miwili Zagori, katika nyumba moja tu. Kuhamahama kila usiku kunakula mwanga uleule unaoutafuta. Tatizo ni kwamba Zagori, yenye vijiji 46, imekatwa na korongo la Vikos, ambalo kitabu cha rekodi cha Guinness kinalitambua kuwa lenye kina kikubwa kuliko yote duniani likilinganishwa na upana wake. Monodendri na Papingo vinakaribiana kwenye ramani, lakini gari lazima lizunguke, na mzunguko huo huchukua kama saa nzima. Aristi, iliyo njiani kuelekea Papingo, inafaa kwa anayetaka mto na milima mirefu, na Kipi au Monodendri inafaa kwa anayependa madaraja na vijiji vya kati. Mwishoni mwa wiki, Krismasi na hadi sikukuu ya Epifania tarehe 6 Januari, Wagiriki wenyewe hujaa huko na bei hupanda. Katikati ya wiki vyumba hupatikana kwa urahisi, lakini baadhi ya mikahawa hufungwa, hivyo muulize mwenye nyumba jioni iliyotangulia ni wapi patakuwa na chakula kesho.

Siku ya kwanza iwe ya Ioannina, kwani huo ni mji wa kutembea kwa miguu na mvua haiuharibu. Ndani ya kuta za ngome kuna msikiti wa Aslan Pasha, uliojengwa mwaka 1618 na ambao sasa ni makumbusho ya mji, na karibu yake kuna makumbusho ya ufundi wa fedha, kazi iliyowapa sifa mafundi wa Ioannina kwa karne nyingi. Boti ndogo hukuvusha kwa dakika kama kumi hadi kisiwa cha ziwani, ambako Ali Pasha, mtawala aliyeasi dhidi ya Sultani wa dola ya Ottoman, aliuawa Januari 1822 katika monasteri ya Agios Panteleimon. Mvua ikizidi, nenda kwenye pango la Perama, kilomita chache kutoka mjini, ambalo halijoto yake haibadiliki mwaka mzima. Lilijulikana mwaka 1940, wakati wakazi walipokuwa wakitafuta mahali pa kujificha mabomu.

Siku yenye anga safi, yoyote itakayokuwa, iweke kwa ajili ya Zagori ya kati, wala usiitumie mjini. Anza na madaraja ya Kipi. Daraja la Kokkori lilijengwa mwaka 1750, tao moja la mawe kati ya miamba miwili, na la Plakida, lenye matao matatu, ni la mwaka 1814. Ukipanda la Plakida utaona kwamba njia yenyewe hupanda na kushuka mara tatu kama mgongo wa kiwavi, na mawe ya katikati yamelainika kwa nyayo za watu na kwato za wanyama wa mizigo. Yakiloa huteleza, basi kanyaga pembeni polepole. Mito inayopita chini yake hubeba nguvu kubwa wakati wa baridi: Februari 2015 mafuriko yaliliangusha daraja la Plaka, la mwaka 1866, juu ya mto Arachthos kusini zaidi, na ikachukua miaka kulisimamisha tena. Kutoka Kipi panda hadi Vradeto, kijiji kilicho juu kuliko vyote vya Zagori, na utembee hadi ukingo wa Beloi kutazama korongo kutoka juu. Theluji ikiwa imeifunga barabara hiyo, nenda Monodendri, ambako dakika chache za kutembea hukufikisha kwenye monasteri ya Agia Paraskevi, iliyojengwa ukingoni mwa korongo mwaka 1412.

Kuteremka korongoni kutoka Monodendri hadi kijiji cha Vikos ni mwendo wa saa tano au zaidi juu ya mawe, na sikushauri kwa mgeni wakati wa baridi, kwa kuwa mchana hautoshi na mkondo chini huweza kujaa. Vivyo hivyo ziwa la Drakolimni, lililo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, waachie wenye vifaa vya barafu na kiongozi. Kuna njia nzuri kwa mtu wa kawaida kando ya mto Voidomatis, kutoka daraja lililo chini ya Aristi hadi daraja la kale la Klidonia. Haina mlima wa kutisha, inapita kati ya miti mikubwa, na maji ni ya kijani yaliyo wazi hata unahesabu kokoto. Siku hiyohiyo endelea hadi Papingo, ukipanda kona moja baada ya nyingine, uone minara ya mwamba wa Astraka ikigeuka rangi kabla ya jua kuzama, kisha urudi chini mara moja.

Metsovo ni akiba ya siku mbaya. Uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, lakini barabara ya Egnatia inapita karibu na husafishwa theluji mapema, tofauti na njia za Zagori. Ni mji wa Wavlaki, wafugaji wa asili wa Pindos, na jibini yao ya moshi, metsovone, ni ya kununuliwa kipande cha kurudi nacho.

Kuhusu chakula, Epirus ni nchi ya pai: za mboga za porini, za jibini, na ile nyembamba ya unga, mayai na jibini inayoliwa ikiwa bado moto. Supu ya maharage na samaki wa mito ya milimani hupatikana pia. Asiyekula nguruwe aulize kila mara kuhusu soseji na nyama ya mishikaki, kwa kuwa nyingi ni za nguruwe.

Mavazi yawe ya tabaka: fulana ya sufu ndani, sweta katikati, koti lisilopitisha maji juu, na buti zenye soli ya meno. Pamba ikiloa haikauki huko. Vijijini nyumba za mawe huwa na moto wa kuni, na viatu huanikwa mbali kidogo na moto, si mbele yake, maana joto kali huachanisha soli.

Usiku wa mwisho ulale Ioannina au mahali palipo karibu na barabara kuu, hata kama moyo unataka kubaki Papingo. Asubuhi ya kuondoka muulize mwenye nyumba uliyolala barabara ikoje, kwa kuwa yeye ameamka kabla yako na ameshachungulia nje, kisha uongeze saa mbili juu ya muda ambao simu yako inakuambia.