Kabla ya Kuomba Nafasi ya Muziki Leipzig: Mambo ya Kuzingatia

Anayetaka kusoma muziki Leipzig aanze kwa kukifahamu chuo chenyewe, na asifanye hivyo kwa ajili ya kujipamba mbele ya wasaili, bali kwa sababu historia ya chuo ndiyo inayomwonyesha ataulizwa nini. Mtunzi Felix Mendelssohn, aliyekuwa kiongozi wa okestra ya Gewandhaus, ukumbi wa matamasha wa Leipzig, alikifungua tarehe 2 Aprili 1843 kwa fedha za wosia wa Heinrich Blümner, taleri (sarafu ya Kijerumani ya zamani) 20,000 zilizoachwa mikononi mwa mfalme wa Saxony. Madarasa yalikuwa katika eneo hilohilo la Gewandhaus, na wanafunzi waliweza kusikiliza okestra ikifanya mazoezi. Fidla ilifundishwa na Ferdinand David, kiongozi wa wapiga fidla wa okestra hiyo, naye Robert Schumann alikuwa miongoni mwa walimu wa kwanza. Nadharia ya muziki alikabidhiwa Moritz Hauptmann, ambaye wakati huo alishika ukantori, yaani uongozi wa muziki, wa kanisa la Mtakatifu Thomas, kiti alichokikalia Johann Sebastian Bach kuanzia 1723 hadi 1750. Nadharia haikuwa somo la pembeni. Kila mwanafunzi alilazimika kuipitia, hata kama vidole vyake vilikuwa vyepesi kiasi gani. Shika jambo hilo, maana ndilo lililowaangusha wengi niliowaona wakiondoka kwa nderemo na kurudi kimya.

Jina la chuo nalo lifahamike vizuri. Mendelssohn alizaliwa katika familia yenye asili ya Kiyahudi, na mwaka 1936, chini ya Wanazi, sanamu yake iliyosimama mbele ya Gewandhaus iliondolewa. Chuo kilipewa jina lake mwaka 1972. Jengo kuu lililopo Grassistraße lilianza kutumika 1887. Ukumbi wake mkubwa uliharibiwa na mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, na ukumbi mpya ukafunguliwa 2001. Mwaka 1992 shule ya uigizaji iliunganishwa nacho, ndiyo maana leo kinaitwa chuo cha muziki na tamthilia.

Chagua programu kwa kusoma maelezo yake hadi mwisho. Shahada ya kwanza huchukua kwa kawaida miaka 4, ya pili miaka 2, na juu yake kuna masomo ya wachache waliobobea. Zipo ala za okestra, piano, uimbaji, utunzi, uongozaji, jazi, muziki wa kale, ualimu na muziki wa kanisa. Mwanakwaya asidhani kwamba programu ya uimbaji ni kwaya iliyopanuliwa: atafundishwa kuimba peke yake, opera na nyimbo za Kijerumani. Muziki wa kanisa huwavutia Walutheri wetu, na si ajabu, kwa kuwa wamisionari wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893 na matarumbeta ya ibada bado yanasikika huko. Lakini programu hiyo inadai kinanda cha mabomba, kile kinachopigwa kwa mikono na miguu pamoja, na huko kwetu vinanda vya namna hiyo ni vichache mno.

Sasa nadharia. Namfahamu kijana mmoja, besi, ambaye sauti yake ikianza wimbo huhitaji kuambiwa nyamaza. Aliomba nafasi katika chuo kimoja cha Ujerumani, akafaulu mchujo wa rekodi, na ukoo mzima ukachangia nauli. Siku ya mtihani aliimba vizuri, na wasaili walimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Baadaye akaingizwa katika chumba chenye piano, pamoja na wenzake, kila mmoja na karatasi yenye mistari mitano mitano. Mwalimu akapiga kipande kifupi cha wimbo, akakirudia, akakipiga tena, nao wakatakiwa kukiandika. Kijana alisikia kila sauti sawasawa. Shida ni kwamba tangu utoto alikuwa amesoma solfa ya herufi, ile iliyoenezwa kutoka Uingereza na John Curwen na kufikishwa makanisani kwetu na wamisionari, ambamo do huhama kila ufunguo unapobadilika. Akaandika d, r, m juu ya mistari, kwa mwandiko safi, na nafasi za nota zikabaki tupu. Alijua kwamba sauti ya tatu ilikuwa m. Hakujua m hiyo inakaa mstari gani katika ufunguo wenye bemoli (alama za kushusha sauti nusu hatua) tatu, na muda haukumsubiri ahesabu.

Kisha ikaja piano, ambayo huulizwa hata kwa waimbaji. Kanisani alikuwa akipiga kinanda cha umeme, na kama wapigaji wetu wengi, nyimbo zote alizipigia katika ufunguo mmoja, halafu akabonyeza kitufe cha kupandisha au kushusha ili zilingane na sauti za waimbaji. Piano ya mbao haina kitufe hicho. Aliomba aanze upya, akaruhusiwa, akaishia mstari wa pili. Barua ya kumkataa haikueleza sababu, wala haikuhitajika.

Kwa hiyo, mwaka mzima kabla ya kuomba, achana na kitufe. Tafuta mwalimu wa nota za mistari, ukubali kusoma na watoto wadogo ikibidi, na kila wimbo wa kwaya unaoujua kwa solfa uuandike upya kwa nota, sauti zote nne, kila siku wimbo mmoja. Solfa usiitupe, kwa sababu sikio ulilolipata kwayo ni mali. Unachokosa ni mkono wa kuliandikia. Zoea pia majina ya Kijerumani ya nota: nota ambayo vitabu vya Kiingereza huiita B, wao huiita H, na B yao ni ile yenye bemoli.

Kuhusu fedha, usidanganywe na habari kwamba elimu ya juu Ujerumani ni bure kila mahali. Tangu 2013 chuo hiki kimewatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,800 kwa muhula, ambazo kwa mihula 8 ni euro 14,400. Ubalozi nao hutaka uthibitisho wa fedha za kujikimu. Kuanzia Septemba 2024 kiwango kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka katika akaunti iliyozuiwa, unayoruhusiwa kuchota euro 992 tu kila mwezi. Viwango hubadilika, basi vitazame upya kabla hujauza chochote.

Bima ya afya ni lazima. Edvard Grieg, mtunzi wa Norway, alifika chuoni hapo 1858 akiwa na miaka 15, akaugua mapafu vibaya 1860, na aliishi na athari zake hadi kufa.

Hati ya lugha itafutwe mapema, na kiwango kinachotakiwa hutegemea programu. Miadi ya viza iombwe siku ileile unapopata mwaliko wa mtihani. Nakala za nyimbo zako zichapishwe vizuri kwa ajili ya mpiga piano atakayekusindikiza, ambaye hajawahi kukuona na hatabahatisha mwendo wako. Fidla isipakiwe kwenye mizigo ya chini ya ndege. Usimlipe wakala anayedai kwamba anamfahamu profesa. Usiombe chuo kimoja tu. Nguo za baridi zinunuliwe hukohuko, pasipoti iwe na muda wa kutosha, vyeti vitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, na nyumbani abaki mtu mmoja mwenye nakala ya kila karatasi na anayepokea simu hata usiku.