Saa janja haionyeshi picha ya kamera ya simu: jinsi ya kutafuta hitilafu na kuirekebisha

Kabla hujagusa mpangilio wowote, jua kwanza kama saa yako ina uwezo wa kuonyesha picha hiyo. Maboksi mengi ya saa janja huandikwa kwamba saa "inaongoza kamera ya simu", na maneno hayo hubeba kazi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni kufyatua: unagusa kioo cha saa au unatikisa mkono, simu inapiga picha. Ya pili ni kuona: kile ambacho lenzi ya simu inakiona kinatokea kwenye kioo cha saa papo hapo. Saa nyingi za bei ya chini zina kazi ya kwanza peke yake, na mwenye saa ya namna hiyo anaweza kuhangaika wiki nzima akitafuta kitu ambacho hakikuwekwa humo.

Sababu yake ni hesabu. Chukua saa yenye kioo cha pikseli 240 kwa 240, kila pikseli ikichukua biti 16. Picha moja tu, bila kubanwa, ni baiti 115,200, yaani biti 921,600. Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme toleo la 4.0 ina kasi ya juu ya megabiti 1 (biti milioni 1) kwa sekunde, na hiyo ni kasi ya hewani ambayo data halisi haiifikii. Kwa hiyo picha moja ingekula karibu sekunde nzima au zaidi, wakati jicho linahitaji picha kadhaa kwa sekunde ili lione mwendo. Ili picha ionekane, simu inabidi izibane picha, njia ya mawasiliano iwe pana, na saa iwe na chipu yenye nguvu ya kuzifungua. Saa isiyo na hivyo hupewa kitufe cha kufyatua tu.

Namna ya kutambua ni rahisi. Fungua programu ya saa kwenye simu, kisha ingia sehemu ya kamera kwenye saa. Ukiona mchoro wa kamera au duara la kufyatua juu ya rangi moja tu, na ukiligusa simu inapiga picha, basi saa inafanya kazi yake yote na hakuna kilichoharibika. Ukiona nafasi nyeusi pale picha ilipotakiwa kukaa, alama inayozunguka bila kukoma, ujumbe wa kukosa muunganisho, au kama zamani picha ilikuwa ikionekana na sasa haionekani, hapo kuna hitilafu. Zipo pia saa zinazoonyesha picha zikiunganishwa na simu ya Android, lakini zikiwa na iPhone hubaki na kufyatua tu. Kitabu cha maelezo cha saa husika ndicho cha kuamua.

Mwenye saa ya kufyatua tu ajue jambo moja: saa nyingi za aina hiyo hutuma amri ileile ya kitufe cha kuongeza sauti. Programu ya kamera lazima iwe wazi mbele kwenye simu, na ndani ya mipangilio yake kitufe cha sauti kiwe kimewekwa kupiga picha, si kuikuza picha (zoom).

Pima muunganisho kwanza

Usiamini alama ya Bluetooth iliyo juu ya kioo cha simu. Saa nyingi zinazopokea simu za sauti huwa na majina mawili ya Bluetooth: moja la sauti, jingine la data. Mtu akiunganisha kupitia mipangilio ya Bluetooth ya simu hupata lile la sauti, anaongea vizuri kupitia saa, na anadhani kila kitu kiko sawa. Picha ya kamera hupita kwenye njia ya data, ambayo huunganishwa kutoka ndani ya programu ya saa tu.

Kipimo kizuri ni kile kitufe cha "tafuta simu" kilichomo kwenye saa. Kibonyeze. Simu ikilia, njia ya data iko hai na tatizo liko kwenye ruhusa au kamera yenyewe. Isipolia, usipoteze muda na ruhusa: ingia kwenye programu ya saa, ongeza kifaa upya kutoka humo, kisha upime tena.

Ruhusa za Android, mahali ambapo hitilafu nyingi hukaa

Saa iliyofanya kazi mwaka mzima inaweza kuacha siku simu inaposasishwa, na chanzo kinajulikana. Android 9 ya mwaka 2018 ilizuia programu iliyo nyuma, yaani isiyo wazi mbele kwenye kioo, kutumia kamera. Android 10 ya 2019 ikazuia programu iliyo nyuma kujifungulia dirisha lenyewe. Android 11 ikaleta ruhusa ya "wakati huu tu" na tabia ya kuziondoa ruhusa za programu isiyotumika kwa miezi kadhaa. Android 12 ya 2021 ikaongeza ruhusa ya vifaa vilivyo karibu. Kila moja ya hizo, peke yake, inatosha kukata picha, na saa haitakwambia ni ipi.

Pitia hivi, majina ya menyu yakitofautiana kidogo kati ya simu na simu:

1. Fungua Mipangilio, Programu, chagua programu ya saa, kisha Ruhusa. Kwenye Kamera weka "Ruhusu tu wakati programu inatumika". Ikiwa imebaki kwenye "Uliza kila wakati", dirisha la kuuliza hutokea kwenye simu iliyo mbali nawe huku wewe ukitazama saa tupu.
2. Ruhusu Vifaa vilivyo karibu. Kwenye Android 11 kurudi nyuma hakuna ruhusa hiyo; badala yake toa ruhusa ya Mahali, na Mahali penyewe pawe pamewashwa, kwa sababu bila hapo programu haiwezi kuitafuta saa kwa Bluetooth.
3. Kwenye ufikiaji maalumu wa programu, ruhusu programu ya saa ionyeshwe juu ya programu nyingine. Ruhusa hii ndiyo inayoiwezesha kufungua dirisha la kamera pale amri inapotoka kwenye saa.
4. Kwenye Betri ya programu hiyohiyo chagua "Bila vizuizi". Kwenye simu za Samsung, iondoe pia kwenye orodha ya programu zinazolala. Kwenye Xiaomi kuna ruhusa mbili za ziada: kujianzisha yenyewe, na kufungua madirisha ikiwa nyuma.
5. Zima swichi ya kuondoa ruhusa programu isipotumika.
6. Rudi ukurasa wa programu, ilazimishe kusimama, kisha uifungue upya.

Baada ya hapo, mpangilio wa kufungua una maana kubwa. Fungua kufuli la simu, fungua programu ya saa, nenda kwenye ukurasa wake wa kamera, acha simu ikiwa hapo, ndipo uingie kwenye kamera ya saa. Ukianza na saa wakati simu imefungwa, Android ina haki ya kukataa hata kama ruhusa zote zimetolewa. Ongeza pia muda wa kioo cha simu kuzimika uwe dakika 5 au 10. Programu nyingi husimamisha picha mara tu kioo kinapolala.

Kioo cheusi kisicho na ujumbe wowote

Hii hali huwachanganya wengi kwa kuwa kila kitu huonekana kimeunganishwa. Kuanzia Android 12, menyu ya haraka inayoshushwa kutoka juu ina kitufe cha ufikiaji wa kamera. Kikizimwa, programu hazipewi kosa. Hupewa picha tupu. Saa nayo huonyesha weusi huo kwa uaminifu. Shusha menyu hiyo, kiangalie kitufe, kiwashe.

Sababu ya pili ni kamera kushikwa na programu nyingine. Simu ya video inayoendelea, kisomaji cha msimbo wa QR kilichoachwa wazi, au kamera ya kawaida ya simu iliyobaki nyuma vinaweza kuinyima programu ya saa nafasi. Zifunge zote. Kisha fungua kamera ya kawaida ya simu peke yake: nayo ikiwa nyeusi, tatizo ni la simu na saa haihusiki. Jaribu pia kubadili kati ya kamera ya mbele na ya nyuma, maana wakati mwingine iliyokufa ni moja tu. Simu ya kazini inayosimamiwa na ofisi inaweza kuwa imezuiwa kamera na msimamizi. Hiyo huwezi kuifungua wewe.

Apple Watch

Hapa programu inaitwa Camera Remote na huja na saa. Ukiifungua, kamera ya iPhone hufunguka yenyewe. Saa inatakiwa kuwa ndani ya umbali wa Bluetooth, takriban mita 10.

Fungua Control Center (menyu ya vitufe vya haraka) ya saa: kuanzia watchOS 10, mfumo wa saa za Apple, ni kwa kubonyeza kitufe cha pembeni, matoleo ya nyuma ni kwa kuvuta juu kutoka chini ya kioo. Alama ya simu ya kijani maana yake muunganisho upo. Ikiwa nyekundu yenye mstari, angalia hali ya ndege kwenye vifaa vyote viwili, kisha zima na uwashe Bluetooth ya iPhone kupitia Settings, maana kitufe cha Control Center ya iPhone hakiizimi Bluetooth kabisa.

Kama Camera Remote haionekani kabisa kwenye saa, nenda Settings ya iPhone, Screen Time, Content & Privacy Restrictions, kisha orodha ya programu zilizoruhusiwa. Camera ikizuiwa hapo, hata ile ya saa hupotea. Hili hutokea sana kwenye simu za watoto na simu zilizorithiwa.

Ikiwa inafunguka lakini inaganda, bonyeza Digital Crown, kile kitufe cha pembeni kinachozungushwa, mara mbili (kuanzia watchOS 10), vuta Camera Remote kushoto, uifunge. Zima na uwashe vifaa vyote viwili. Saa iliyoganda kabisa huanzishwa kwa kushikilia Digital Crown na kitufe cha pembeni pamoja kwa angalau sekunde 10, hadi nembo ya Apple itokee; usifanye hivyo wakati saa inajisasisha. Sasisha iPhone kwanza, saa baadaye. Ili ikubali kusasishwa, saa inahitaji kuwa kwenye chaja na betri ifike asilimia 50.

Galaxy Watch na saa nyingine za Wear OS

Wear OS ni mfumo wa saa kutoka Google. Programu ya Samsung, Camera Controller, imetengenezewa simu za Galaxy. Ukiunganisha saa na Android ya kampuni nyingine, arifa na mazoezi vitafanya kazi lakini kamera haitafanya, na hakuna ruhusa itakayobadilisha hilo. Pixel Watch nayo inategemea programu ya kamera ya simu za Pixel.

Kwa simu nyingine, njia ni programu ya mtu wa tatu kutoka Play Store, na hapo watu hukosea kwa kuiweka upande mmoja. Inatakiwa iwe kwenye simu na kwenye saa, matoleo yakilingana. Wear OS huruhusu pande mbili kuzungumza pale tu programu zinapokuwa na jina lilelile la kifurushi (jina la ndani la programu) na sahihi ileile ya kidijitali ya mtengenezaji. Ukipakua ya simu kutoka tovuti isiyo rasmi na ya saa kutoka Play Store, zinaweza kufanana kwa kila kitu machoni na zisionane kamwe.

Picha inaonekana lakini inakwama

Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na mwili wa binadamu, ambao sehemu kubwa ni maji, huyameza. Simu ikiwa mbele yako na mkono wenye saa ukiwa nyuma ya mgongo, picha inaweza kukatika hata kwenye mita 3. Pima ukiwa mita 1, saa ikitazamana na simu. Ikitulia hapo, tatizo ni umbali au kizuizi, pamoja na kava la chuma. Ondoa vipokea sauti vya Bluetooth vinavyocheza muziki, maana vinagawana redio ileile, na hamishia simu kwenye Wi-Fi ya gigahezi 5 kama ipo. Simu iliyopata joto sana hupunguza kasi au hufunga kamera yenyewe, iache ipoe.

Kuunganisha upya, kukibaki njia hiyo tu

Landanisha data kwanza, kwa sababu kuirudisha saa katika hali ya kiwandani hufuta ambazo hazijahamia kwenye simu. Apple Watch hujitengenezea nakala kwenye iPhone ikitenganishwa kupitia programu ya Watch. Kwa saa nyingine, anza kwa kuitenganisha ndani ya programu yake, kisha nenda Bluetooth ya simu uisahau, majina yote mawili kama yapo. Jina moja likibaki, simu hulishikilia na uunganishaji mpya hukwama katikati. Zima na uwashe vyote viwili, halafu unganisha kutoka ndani ya programu na ukubali kila ruhusa inayoombwa. Kuweka upya mipangilio ya mtandao wa simu kuwe mwisho kabisa: kunafuta nywila zote za Wi-Fi pamoja na vifaa vingine vilivyounganishwa.

Picha ikirudi kwenye saa lakini ulizopiga huzioni kwenye matunzio, fungua kidhibiti cha faili uangalie ndani ya folda za DCIM na Pictures. Programu nyingi za saa huhifadhi picha kwenye folda yenye jina lao wenyewe, na baadhi ya matunzio hayaonyeshi folda hiyo mpaka uichague.