Sura ya tatu: jinsi ya kutaja vyanzo vya mbinu zako za utafiti

Tasnifu nyingi ninazoletewa kupitia zimejaa marejeo sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko, halafu sura ya tatu inasema "udongo ulipimwa kwa mbinu za kawaida", basi. Mtahini akiuliza kawaida ya nani, kimya. Sura ya pili unamtaja mtu kwa alichokisema. Sura ya tatu unamtaja kwa alichokifanya, ili anayetaka kurudia kazi yako ajue pa kuanzia. Tutumie mfano wa kupima kaboni ya udongo kwa mbinu ya Walkley na Black.

Hatua ya 1: Orodhesha kila ulichofanya

Anzia kuchukua sampuli hadi hesabu ya mwisho, kisha weka alama penye kitu ulichojifunza kwa mwingine. Kuanika udongo kivulini hakuhitaji chanzo. Kuioksidisha kaboni kwa potasiamu dikromati na asidi ya salfuriki kunahitaji.

Hatua ya 2: Tafuta makala yenyewe uisome

Walkley na Black waliichapisha mwaka 1934 katika jarida la *Soil Science*. Ukiifungua utakuta nao wanaanza kwa kuichunguza mbinu ya mwenzao, Degtjareff, ndipo wanapendekeza marekebisho yao. Kama ulichofuata ni mwongozo wa maabara yenu, taja mwongozo huo, si aibu. Kunakili "Walkley na Black (1934)" kutoka tasnifu ya mwenzako ni sawa na kumpeleka mahakamani shahidi ambaye hujawahi kuzungumza naye.

Hatua ya 3: Sema ulichoamua mwenyewe

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mbinu hii haikamati kaboni yote, bali kama robo tatu hivi kwa wastani, kwa hiyo matokeo huzidishwa ili kufidia. Wapo wanaozidisha kwa 1.30, wapo wa 1.33. Kipimo cha asilimia 1.50 kitakuwa 1.95 kwa wa kwanza na karibu 2.00 kwa wa pili, udongo ni uleule! Kisha wengi huzidisha tena kwa 1.724 kupata mboji, na pengo linapanuka: 3.36 dhidi ya 3.44. Wote wawili wamewataja Walkley na Black, na msomaji hana njia ya kujua tofauti imetoka wapi.

Kwa hiyo andika hivi:

> Kaboni ilipimwa kwa mbinu ya Walkley na Black (1934). Kwa kuwa udongo wa bondeni ulikuwa na mboji nyingi, sampuli ilipunguzwa hadi gramu 0.5. Matokeo yalizidishwa kwa 1.33.

Sentensi tatu tu. Jina na mwaka vimekuokolea ukurasa mzima wa maelezo, nawe umeeleza yale ambayo makala ya 1934 haiwezi kukusemea.

Hatua ya 4: Fomula nazo zina wenyewe

Anayefanya utafiti wa dodoso huwa na fomula ya Yamane (1967) ya ukubwa wa sampuli mfukoni: gawanya idadi ya watu kwa jumla ya 1 na idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kosa unaloruhusu. Kwa watu 2,000, kosa la 0.05 linakupa sampuli ya 334. Kosa la 0.1 linakupa 96. Ukitaja Yamane bila kutaja kosa ulilochagua, hujaeleza kitu.

Hatua ya 5: Programu

Taja jina na toleo. Kwenye R, programu ya takwimu, andika `citation()` nayo itakupa maelezo ya kurejelea.

Hatua ya 6: Fuata rejeo lako mwenyewe

Kabla ya kumpelekea msimamizi, fungua kila chanzo ulichotaja sura ya tatu na utafute hatua ulizosema zimo. Ukikuta makala inasema tu "tulifuata utaratibu wa fulani", umekamata mpitishaji. Mfuate huyo fulani. Naye akikutuma kwa mwingine, endelea hadi ukute vipimo, muda na kemikali vimeandikwa. Makala hiyo ndiyo ya kutaja.