Jicho la mtu, jicho la ng'ombe: kufundisha haki kwa sheria za Hammurabi

Tenga vipindi viwili mfululizo vya dakika 40. Andaa karatasi ya manila na kadi nne kwa kila kundi la wanafunzi watano.

Hatua ya 1. Andika ubaoni sheria ya 196 ya Hammurabi, mfalme wa Babeli ya kale, peke yake: "Mtu akimtoboa mtu jicho, naye atatobolewa jicho." Wapige kura: ni haki au si haki? Usidokeze kwamba neno awilum, "mtu" kwa Kiakadi, lugha ya sheria hizi, hapa ni mtu huru wa tabaka la juu. Ukiwahi kulisema, watakupa jibu unalolitaka na somo litafia hapo.

Hatua ya 2. Gawa kadi. Ya 198: jicho la mtu huru wa kawaida, faini mina 1 (kipimo cha uzito) ya fedha. Ya 199: jicho la mtumwa, nusu ya bei yake. Ya 247: aliyekodi ng'ombe akampofua jicho, nusu ya bei ya ng'ombe. Waweke 199 na 247 sambamba, kisha unyamaze. Wape dakika tano nzima. Hapa ndipo kiini cha somo kilipo, na walimu wengi hukiharibu kwa kueleza upesi.

Hatua ya 3. Kadi ya nne ni sheria ya 273: kibarua hulipwa punje 6 za fedha kwa siku katika miezi mitano ya kwanza ya mwaka. Mina 1 ni shekeli 60, na shekeli 1 ni punje 180. Wakokotoe: punje 10,800, yaani siku 1,800 za kazi. Kwa tajiri hiyo ni faini tu. Kibarua angeilipa kwa nini? Kumbusha kwamba "fedha" hapa ni madini, na usiigeuze kuwa shilingi za leo, maana bei ya sasa haisemi lolote kuhusu Babeli.

Hatua ya 4. Sasa soma utangulizi wa sheria hizi, Hammurabi anapodai aliwekwa ili mwenye nguvu asimdhulumu mnyonge. Darasa litamwita mwongo. Kabla hawajatulia, soma ya 117: mke au mtoto aliyetolewa kwa deni hutumika miaka mitatu, wa nne anaachiwa. Mnyonge huyu analindwa. Kila kundi liandike sentensi mbili: mnyonge yupi yumo, yupi hayumo.

Usiwaigize wanafunzi kuwa watumwa na mabwana. Jina la utani la siku hiyo humganda mtoto mwaka mzima.