Unataka kujua kama ni vumbi la jangwa? Angalia setilaiti kabla hujaforward

Kila Januari Menengai ikipotea kwa ukungu wa kahawia, grupu za WhatsApp za Nakuru zinajaa, ati vumbi la Sahara limefika, fungeni madirisha. Sasa badala ya kubishana, kuna njia ya kuangalia mwenyewe, bure kabisa, na bando ya kawaida na simu inatosha ingawa laptopu ni rahisi kwa macho.

Fungua tovuti mbili. Ya kwanza ni Worldview ya NASA, ya pili EUMETView ya shirika la setilaiti za hali ya hewa la Ulaya. Jambo moja la kuweka kichwani kabla hujagusa kitu: saa zao ni za UTC, yaani saa ya kimataifa, sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hivyo picha ikiandikwa 09:00 hapa ilikuwa saa sita mchana. Wengi wanachukua picha ya masaa mengine wanaanza kusema haifanani na walichoona nje, kumbe ni saa tu.

Worldview itakufungulia picha ya rangi za kawaida, vile jicho lingeona ukiwa juu. Chagua VIIRS, hiyo ni kamera, ya setilaiti ya Suomi NPP au NOAA-20, hizo hupita huku kama saa saba na nusu mchana. Vumbi likiwa juu ya maji utaliona vizuri, ziwa au bahari ni nyeusi na vumbi ni jepesi rangi ya maziwa ya chai. Shida ni nchi kavu. Vumbi la kahawia juu ya ardhi ya kahawia halionekani, alafu kukiwa na mawingu ndio basi, na moshi nao unafanana nalo. Kwa hivyo usiishie hapo, wengi huishia hapo.

Ingia EUMETView utafute leya, yaani aina ya picha ya kuweka juu ya ramani, inaitwa Dust RGB, picha ya vumbi ya kupakwa nyekundu, kijani na buluu, na uchague ile ya Bahari ya Hindi kwa sababu setilaiti yake, Meteosat-9, tangu 2022 imekaa juu ya ikweta kwa longitudo ya 45.5 mashariki, na Nakuru ni 36, yaani inatuangalia karibu kutoka utosini. Inaleta picha kila dakika 15, usiku na mchana. Usiku inawezekana kwa sababu haingoji mwanga wa jua, inapima joto linalopanda kutoka chini, kwa mawimbi matatu ya infraredi: mikromita 8.7, 10.8 na 12.0.

Hapa ndio utamu. Vumbi la jangwa lina madini ya silika, na hayo madini yanameza joto la 10.8 kuliko la 12.0. Wingu jembamba la barafu linafanya kinyume. Kwa hivyo wanachukua 12.0 wanatoa 10.8, na hiyo tofauti wanaipaka nyekundu, penye vumbi nyekundu inapanda. Kijani ni 10.8 ukitoa 8.7: mchanga mtupu una tofauti kubwa hapo, vumbi likipita juu yake tofauti inashuka na kijani kinazimika. Buluu ni joto la 10.8 lenyewe, na ardhi iliyopigwa jua inaleta buluu tele. Changanya nyekundu nyingi, buluu nyingi, kijani kidogo, unapata pinki kali kama bougainvillea. Hilo ndilo vumbi. Wingu zito refu la mvua linatoka nyekundu iliyoiva, wingu jembamba la juu linakuwa jeusi, na usiku vumbi linaweza kuelekea zambarau.

Jicho lako litahitaji mazoezi, na usiyafanyie Kenya, huku kuna mawingu mengi. Nenda Chad, bonde la Bodélé, kati ya Januari na Machi. Huko upepo unabanwa katikati ya milima ya Tibesti na Ennedi ukitoka hapo unalima sakafu ya ziwa la zamani lililokauka, na utaona ulimi wa pinki unaelekea kusini-magharibi. Linganisha na picha ya kawaida ya siku hiyo hiyo, utashangaa vumbi lenyewe ni jeupe. Ni mabaki ya daitomu, vile viumbe vidogo vya majini, yaani ni mawe yale yale yanayochimbwa Kariandusi hapa njia ya Gilgil.

Ukirudi Kenya sasa kuwa mgumu kidogo, usiamini kila pinki. Mawingu ya chini kwenye hewa ya joto pia hutoka pinki hafifu, na ukiwa na picha moja tu utadanganyika. Cheza picha za masaa matatu manne mfululizo. Vumbi lina mahali lilipoanzia na linasafiri na upepo likitanuka, mawingu ya chini yanazaliwa na kufa hapo hapo. Alafu watu wa Kisumu, unyevu wa ziwa unawaharibia: mvuke wa maji unameza zaidi kwa 12.0, ile nyekundu inashushwa, na vumbi jepesi linaweza kuwa hapo juu yenu na picha isilionyeshe.

Baada ya hapo rudi Worldview uweke leya mbili, ya Aerosol Index, yaani kipimo cha vumbi na moshi hewani, na ya moto. Hiyo indeksi inatumia mionzi ya urujuanimno, inaona vumbi hata juu ya mchanga mweupe na hata juu ya mawingu, lakini inapanda kwa moshi pia, ndio maana unaiweka pamoja na moto. Ukiona indeksi imepanda, kule upepo unakotoka kumejaa nukta nyekundu za moto, Sudan Kusini au kaskazini mwa Uganda, na Dust RGB haina pinki yoyote, bana huo ni moshi. Msimu wa kiangazi wanachoma nyasi na mashamba sana huko. Mtu wa Muhoroni au Chemelil yeye aangalie pia kama jirani amechoma miwa, hiyo haihitaji setilaiti.

Na kama ni vumbi letu wenyewe, anza kuangalia jangwa la Chalbi, Marsabit. Kuna upepo wa Turkana, unapita kwa kasi kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, lakini unavuma kuelekea kaskazini-magharibi, kwa hivyo vumbi la Chalbi mara nyingi linaenda upande wa Ziwa Turkana, haliji Nakuru. Mtu akikwambia limetoka huko muulize upepo wa siku hiyo ulikuwa wapi, Worldview haikuambii vizuri lakini picha zikicheza utaona.

Zile chamchela za Kaptembwa na za mashamba ya Njoro yakiwa yamelimwa usizitafute kabisa. Pikseli moja ya Meteosat kwa hayo mawimbi ni kilomita 3 hivi hata ikiwa chini yake kabisa, chamchela inapotea ndani. Ukipata kitu cha kweli, nakili linki ya Worldview, inabeba tarehe na leya zako zote, utume hiyo kwa grupu badala ya skrinshoti, pamoja na saa ya UTC ya ile picha ya EUMETView, ili mwenye kubisha afungue ajionee.