Somo: Wakitaka kulipua miamba jirani na kisima chako, pima KABLA

Wakuu, kila wiki swali ni lilelile, "mlipuko umeniharibia kisima?", na muulizaji huja baruti ikishalia. Naliweka hapa mara moja.

1. Andika kina cha kisima na pampu ilipokaa.
2. Jaza ndoo ya lita 20, hesabu sekunde.
3. Peleka maji maabara: tope, chuma, nitrati, bakteria. Chupa ichukue hukohuko maabara.
4. Kina cha maji. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Zima pampu usiku kucha, kwa sababu ikivuta maji hushuka, na kipimo cha namna hiyo mkandarasi wa ulipuaji atakipangua dakika moja. Futa tepu ya chuma kwa klorini, paka chaki mita yake ya kwanza, ishushe, shika alama ya mita 20 kwenye mdomo wa kisima, kisha ivute. Chaki ikilowa sentimita 65, maji yako mita 19.35 chini. Rudia, toka alama ileile. ONYO: kata umeme kwanza, na kama bomba na waya wa pampu vimebanana, muite fundi. Tepu ikinasa mle, utaing'oa na pampu.
5. Baada ya mlipuko, rudia vyote.

*Maswali*

— Maji yametoka mekundu leo, kisima ndiyo basi?
Ulipima kabla?
— Hapana.
Basi huna cha kulinganisha. Mara nyingi ni kutu na mashapo yaliyotikiswa, hutulia kwa saa au siku chache. Fungulia bomba la nje mpaka yatakate. Usiyanywe kabla ya maabara.

— Mkuu, ni mtetemo hasa unaokausha kisima?
Swali zuri. Mara chache. Karibu sana na mlipuko nyufa za mwamba zinaweza kufunguka au kuziba, lakini mkaushaji mkubwa ni shimo la machimbo lenyewe: likishuka chini ya usawa wa maji, na wachimbaji wakawa wanayavuta usiku na mchana, ya kwako yanafuata huko. Ndiyo maana upime kila wiki, mvua na kiangazi, siyo siku ya kishindo tu.

— Nitrati ya nini? Mimi huchemsha.
Baruti nyingi za machimbo ni nitrati ya amonia. Isiyolipuka huyeyuka majini. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua ndiyo inakolea. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, usimkorogee mtoto mchanga maziwa kwa maji hayo.

— Chaki ya ubaoni inafaa?
Inafaa. Ya bluu ni bora, mstari unaonekana.