Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Kisu cha Kazi Ngumu za Porini

Kabla hata ya kuuliza bei, amua kwanza ni kazi zipi kisu kitafanya na zipi kitaliachia panga. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, mtu anayekwenda porini kwa siku kadhaa, awe mfugaji, mtafiti wa misitu, mpagazi au msafiri anayelala kwenye hema, mara nyingi huwa na panga, lake au la mwenzake, na panga hilo ndilo linalofyeka njia, kukata matawi na kuchanja kuni kubwa. Kisu chenye bapa la sentimita 20 na zaidi huvutia macho kikiwa kimetundikwa ukutani dukani, lakini ni kifupi mno kwa kufyeka na ni kirefu mno kwa kazi za karibu kama vile kuchonga vigingi, kuchuna mnyama, kukata kamba iliyokaza au kuandaa chakula. Kwa mwenye panga, bapa la sentimita 10 hadi 13 linatosha kabisa, na fedha ambayo angeongeza kwa ajili ya urefu ni afadhali aitumie kupata chuma kizuri na mpini imara.

Baada ya hapo, hoja kubwa kuliko zote ni jinsi bapa lilivyoungana na mpini. Ukali wa dukani hudumu siku chache tu na mwenye kinoo anaweza kuurudisha, ilhali kisu kilichokatikia kwenye mpini hakina dawa. Ndiyo maana kisu cha kukunja, hata kiwe cha bei kubwa, hakifai kugongwa wala kukazwa kwa nguvu: bapa lake lote linategemea pini moja. Kisu kisichokunjwa nacho kina aina zake. Kuna ambacho chuma chake huingia ndani ya mpini sentimita chache tu na kushikwa kwa gundi. Kuna ambacho chuma chake hupungua upana lakini hupenya hadi mwisho wa mpini. Na kuna ambacho chuma kimeendelea kwa upana na urefu wote wa mpini, kikabanwa kati ya vipande viwili vya mbao au plastiki kwa ribiti (pini za chuma zilizopondwa vichwa) au skrubu. Aina hii ya tatu utaitambua kwa urahisi, kwa sababu ukikitazama kisu kwa upande wa mgongo unaona mstari wa chuma umepita katikati ya mpini toka mwanzo hadi mwisho, na ndiyo ninayomshauri mtu anayenunua kisu chake cha kwanza cha kazi ngumu.

Hata hivyo, chuma chembamba ndani ya mpini si kasoro peke yake. Kisu cha KA-BAR, ambacho wanamaji wa Marekani walianza kukitumia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kina chuma chembamba kilichopenya mpini wa ngozi hadi mwisho, nacho kimeaminiwa kwa miaka mingi. Kasoro halisi ni chuma kifupi, au chuma kilichokatwa kwa pembe kali pale bapa linapogeuka kuwa mpini, kwa kuwa ufa huanzia kwenye pembe kama hiyo. Kwa sababu hiyo, kisogeze kisu kwenye mwanga na uchunguze maungio yake bila haraka. Pitisha ukucha pale mbao inapokutana na chuma. Ukucha ukizama, ujue maji, jasho na damu vitaingia humo na kutu itaanza mahali usipoweza kufika kwa kitambaa. Vichwa vya ribiti viwe sawasawa na uso wa mpini, visikwaruze kiganja. Kisha lishike bapa kwa kitambaa kinene na ujaribu kuuzungusha mpini. Mchezo wowote, hata mdogo, unatosha kukirudisha kisu kwa muuzaji.

Unene wa mgongo nao upimwe. Milimita 3 hadi 4 ni kiasi kizuri. Chini ya milimita 2 unakaribia kisu cha jikoni, na ukifika milimita 6 kisu kinakuwa kama kabari, kinapasua lakini hakikati vizuri. Miti yetu haina huruma kwa makali membamba. Mgunga mkavu ni mgumu, na mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Ukitegemea kupasua vijiti vya kuwashia moto kwa kuweka makali juu ya kijiti na kugonga mgongo wa kisu kwa rungu, chagua bapa lenye mgongo ulionyooka na ncha yenye unene wa kutosha, kwa kuwa ncha nyembamba ndiyo hukatika kwanza.

Kuhusu chuma chenyewe, uamuzi mkubwa ni kati ya chuma cha kaboni na chuma cha pua. Chuma cha kaboni, kama kile kinachojulikana kwa namba 1095 ambacho kina kaboni ya takriban asilimia 0.95, hunoleka kwa urahisi lakini hushika kutu upesi. Chuma cha pua huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na hiyo ndiyo inayokikinga. Anayeishi au kufanya kazi Tanga, Lamu, Mafia au popote penye upepo wa chumvi namshauri achukue chuma cha pua, naye asisahau kukiosha kwa maji yasiyo na chumvi, maana hicho nacho hupata madoa ya kutu kikitelekezwa. Wapo wanaoamini kwamba sumaku hubainisha chuma cha pua. Kwa visu kipimo hicho hakifai, kwa sababu vyuma vya pua vinavyotumika kutengenezea visu huvutwa na sumaku vilevile.

Wahunzi wetu, ambao hufua visu na sime kwa vipande vya springi za magari, wanaweza kukupatia kisu bora kuliko vingi vya dukani, mradi kimepashwa moto na kuzimishwa (kupozwa ghafla) ipasavyo. Muombe mhunzi ruhusa ya kupitisha tupa kidogo karibu na makali. Tupa ikiteleza bila kung’ata, chuma kimekazwa, yaani kimefanywa kigumu. Ikila chuma kwa wepesi kama inavyokula msumari, kisu hicho kitapoteza makali kabla ya jioni.

Mpini ushikwe kwa mkono uliolowa, kwa sababu ndivyo utakavyoshikwa mvuani au wakati wa kuchuna. Vidole vinne vienee bila kubanana, na kuwe na kizuizi mbele kinachozuia kiganja kuteleza kwenye makali. Mipini yenye mabonde ya vidole siipendelei, kwani mabonde hayo yalipimwa kwa mkono wa mtu mwingine. Rangi ya chungwa au nyekundu ina faida kubwa kisu kikianguka kwenye nyasi.

Ala ichunguzwe kwa uzito uleule. Kichomeke kisu, kipindue, kitikise. Kikitoka, ala hiyo ni hatari kwa paja lako. Ala ya ngozi hutunza unyevu, hivyo wakati wa masika kisu kisilazwe ndani yake. Ala ya plastiki ngumu iwe na tundu la kutolea maji chini. Pamoja na kisu nunua kinoo na mafuta ya cherehani. Kwa kazi ngumu noa kila upande kwa nyuzi 20 hadi 25, na pembe hiyo unaweza kuipata kwa kukunja kona ya karatasi mara mbili, ambapo nyuzi 90 zinakuwa 45, kisha 22 na nusu.

Safarini kisu kiwe ndani ya ala, ndani ya begi. Kwenye ndege kiwekwe kwenye mzigo unaokabidhiwa, kamwe si wa mkononi, na kwenye hifadhi za wanyama uliza langoni kabla ya kuingia nacho. Waliopo Uingereza wajue kwamba kubeba kisu kisichokunjwa hadharani bila sababu ya msingi ni kosa la jinai.

Mwisho, kijaribu kisu nyumbani angalau wiki moja kabla ya kuondoka. Pasua nacho kipande cha kuni kavu, chonga vigingi vichache, kata kamba ya katani, kisha yatazame makali kwenye mwanga. Makali yaliyojikunja yanaonyesha chuma laini au pembe nyembamba mno, na kunoa upya kwa pembe pana kunaweza kutosha. Yaliyomeguka kwa pembe hiyohiyo pana yanaonyesha chuma kilichokazwa kupita kiasi, nacho kirudi kwa muuzaji wakati muda wa kutafuta kingine bado upo.